Salio la michezo ya simu: bidhaa isiyovuka mpaka wa Gatumba

KAJAGA, BUJUMBURA – Barabara inayotoka katikati ya Bujumbura kuelekea Kongo hupitia Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, kisha Gatumba, na ng'ambo ya mpaka hufika Kavimvira na Uvira. Wafanyabiashara wa mpakani wanaifahamu njia hii kwa bidhaa zake: vitenge, mawese, samaki, sabuni na mboga. Hata hivyo, ipo bidhaa nyingine ambayo vijana wa pande zote mbili wanaitafuta na ambayo haipakiwi kwenye lori wala baiskeli. Afisa wa forodha haioni, na haina kilo wala mita. Ni salio la kadi za zawadi zinazotumika kununulia michezo ya simu na ya kompyuta.

Kijana anayecheza Free Fire anataka almasi, yule wa PUBG Mobile anataka UC, na mwenye PlayStation anataka salio la kununulia mchezo mpya wa kandanda. Vyote hivyo huuzwa kwa dola au kwa sarafu nyingine ya kigeni, katika maduka yaliyo ndani ya mtandao. Asiye na kadi ya benki yenye dola hutafuta kadi ya zawadi, yaani namba ndefu ya siri inayoingizwa kwenye akaunti na kugeuka kuwa salio. Wengine hununua namba hiyo, wengine hutumiwa na ndugu walio Ulaya au Marekani, na wengine huifanyia kazi.

Kwa mtazamo wa haraka hili ni jambo la watoto na michezo yao. Lakini kwa anayefuatilia biashara ya mipakani, salio hili ni somo kubwa, kwa sababu linaonyesha aina mpya ya mpaka: mpaka usiowekwa na serikali yoyote, usio na saa za kufungua wala afisa wa kumlalamikia, na ambao gharama yake inalipwa na mtu wa mwisho, aghalabu kijana asiye na kipato cha kudumu. Swali la uchambuzi huu ni moja: je, salio hilo ni fedha, au ni bidhaa? Jibu lake ndilo linaloamua nani apate faida na nani apate hasara.

Vocha ilivuka, kadi haivuki

Wakazi wa Afrika Mashariki si wageni wa kulipia huduma kwa namba za siri. Kwa miaka mingi tulikwangua vocha za simu kwa sarafu ya chuma au kwa ukucha. Kabla ya huduma ya M-Pesa kuanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, watu wengi katika kanda hii walikuwa tayari wanatumia muda wa maongezi kama fedha. Mtu wa mjini alinunua vocha, akamsomea namba mwenye kibanda cha simu kijijini, naye akatoa fedha taslimu kwa mzazi au ndugu, akikata chake. Hakuna aliyefundishwa darasani. Hitaji ndilo lililofundisha.

Tena vocha hizo zilifika mahali ambapo kadi za leo hazijafika. Septemba 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha mtandao mmoja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyetoka Mwanza akaenda Kampala aliweza kununua vocha ya huko huko na kuiingiza kwenye laini yake ya Tanzania. Mwaka 2007 mpango huo ulipanuliwa hadi Kongo na Gabon. Kwa ufupi, karibu miaka 20 iliyopita kipande cha karatasi cha kukwangua kilipewa ruhusa ya kuvuka mpaka.

Kadi ya zawadi ya michezo, pamoja na teknolojia yake yote, imerudi nyuma. Kadi ya Google Play iliyotolewa kwa ajili ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyosajiliwa nchi nyingine. Mwenye akaunti anaruhusiwa kubadili nchi mara moja tu kwa mwaka, na salio alilokuwa nalo katika nchi ya zamani halitumiki katika nchi mpya. Kwa upande wa Apple, mteja hawezi kuhama nchi mpaka amalize salio lililobaki. Kwa PlayStation hali ni ngumu zaidi, maana nchi iliyochaguliwa siku ya kufungua akaunti haibadilishwi kabisa.

Wafanyabiashara wa mpakani watalielewa jambo hili haraka zaidi kuliko watu wa kompyuta. Ni kanuni za uasili wa bidhaa. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mama anayevusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha. Kadi nayo ina cheti chake cha uasili, ila kimefichwa ndani ya namba, na kazi yake ni kinyume: hakimpi mwenye mali ruhusa ya kupita, bali kinamzuia.

Ng'ambo mbili za mto mmoja

Tofauti hii inaonekana vizuri pale pale mpakani. Aprili 2020 kampuni ya Apple ilitangaza kupeleka duka lake la programu katika nchi 20 zaidi duniani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwemo katika orodha hiyo, na Rwanda pia. Burundi haikuwemo. Maana yake ni kwamba mkazi wa Uvira alipata njia ya kufungua akaunti kwa jina la nchi yake, na mwenzake wa Kajaga, anayeona milima ile ile na kuvua ziwa lile lile, alilazimika kujitambulisha kama mkazi wa nchi nyingine ili apate huduma hiyo hiyo.

Kwa PlayStation, karibu bara zima liko katika hali hiyo. Kwa Afrika, Sony iliweka duka rasmi la mtandao wake Afrika Kusini, na wachezaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura wamezoea kufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Mazoea hayo yalionyesha hatari yake Mei 2024. Kampuni hiyo ilitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Ghafla mchezo huo ukaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo, wakiwemo watu waliokwisha kuulipia. Kelele za wachezaji zilipozidi, sharti la akaunti lilifutwa ndani ya siku chache. Lakini somo lilibaki: anayeishi katika nchi isiyoandikwa kwenye orodha hununua kwa hisani ya muuzaji, si kwa haki yake kama mteja.

Ikumbukwe kwamba mpaka wa Gatumba, pamoja na misukosuko yake yote, ni mpaka wenye mwenyewe. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi na biashara ya njia hii ikatikisika vibaya. Hata hivyo kila mtu alijua ni serikali zipi za kuulizwa kuhusu usalama na kuhusu kufunguliwa kwa njia. Mpaka wa kadi hauna wa kuulizwa. Ukifungwa usiku wa manane, mwenye salio hupata ujumbe wa mistari miwili kwa lugha ya kigeni, na habari imeisha.

Dola iliyovaa kanzu nyingine

Sasa tuangalie bei, maana hapo ndipo Burundi inapotofautiana na majirani zake. Nchini Kenya, tangu Juni 2022, mteja wa M-Pesa anaweza kupata kadi ya Visa ndani ya simu na kulipa katika maduka ya nje kwa shilingi zake. Kwa hiyo kijana wa Nairobi anayetaka almasi za dola 10 hulipa kwa kiwango kinachokaribiana na cha benki. Burundi ina huduma za fedha kwa simu, kama Lumicash ya Lumitel na EcoCash ya Econet Leo, na watu wa Kajaga wanazitumia kila siku kulipia vyakula na kutumiana fedha. Tatizo si simu. Tatizo ni dola.

Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi ilifuta leseni za maduka yote ya kubadilisha fedha, na yakaruhusiwa tena mwaka 2022. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa karibu asilimia 38. Mwezi uliofuata, noti za faranga 5,000 na 10,000 zilizotolewa mwaka 2018 zikaondolewa kwenye mzunguko, na wenye nazo wakapewa siku 10 za kuzipeleka benki. Pamoja na hatua hizo, pengo kati ya bei rasmi na bei ya mtaani halikuzibika. Mwaka 2025 dola moja ilipita faranga 7,000 mtaani, ilhali bei rasmi ilikuwa bado chini ya faranga 3,000.

Katika mazingira hayo, kadi ya zawadi ni dola iliyovaa kanzu nyingine. Tufanye hesabu ndogo. Kadi ya dola 10, kwa bei rasmi ya mwaka huo, ingegharimu chini ya faranga 30,000. Lakini muuzaji hakuipata kwa bei rasmi, kwa kuwa dola za benki zinagombaniwa na waagizaji wa mafuta, dawa na mbolea. Kwa hiyo anahesabu kwa bei ya mtaani, faranga 70,000, kisha anaongeza faida yake na fidia ya hatari ya kadi kukataliwa. Mnunuzi wa Kajaga analipa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho kitabu cha benki kinasema, kwa mchezo ambao mwenzake wa ng'ambo ya bahari analipa dola 10 tu.

Aidha, dola 10 za kadi si lazima ziwe dola 10 za almasi. Akaunti iliyosajiliwa Marekani inaweza kukatwa kodi ya mauzo ya jimbo, hivyo kifurushi cha dola 9.99 hukataliwa kwa sababu salio la dola 10 halitoshi. Hapo mnunuzi hulazimika kutafuta kadi ya pili, au kubaki na salio lisilomsaidia kitu. Kuna pia mgawo wa mwenye duka. Apple na Google zimekuwa zikikata kati ya asilimia 15 na 30 ya mauzo ya ndani ya michezo kutoka kwa watengenezaji, na makato hayo mwishowe yamo katika bei ya mlaji.

Kulipata kwa jasho

Wapo wasionunua. Hawa hulipata salio kwa kazi: kujibu maswali ya utafiti, kutazama matangazo, kujaribu michezo mipya, kushinda mashindano, au kuwachorea picha na kuwahariria video wateja wa nje ambao huona ni rahisi zaidi kutuma kadi kuliko kutuma fedha. Kwa kijana asiye na akaunti ya benki ya dola, malipo ya namna hii yanavutia. Lakini kabla ya kusema yanalipa, ni vyema yahesabiwe kama kazi nyingine yoyote.

Tuseme, kwa mfano tu, kijana anatumia saa mbili kila siku kwa siku 20, na mwisho wake anapata kadi ya dola 5. Hizo ni saa 40, yaani senti 12 na nusu kwa saa. Kwa faranga 7,000 kwa dola, ni faranga 875 kwa saa. Hapo bado hajatoa bando la intaneti alilonunua, wala gharama ya kuchaji simu siku ambazo umeme wa REGIDESO umekatika. Akitaka kuibadilisha kadi hiyo iwe fedha taslimu, mnunuzi naye atataka punguzo, kwa kuwa anabeba hatari. Kinachobaki mkononi kinaweza kuwa pungufu ya kile ambacho angepata kwa kumsaidia fundi au kuuza mboga barabarani.

Zipo programu za zawadi ambazo huongeza masharti mengine. Pointi haziwi salio mpaka zifike kiwango fulani, na kiwango hicho hupangwa na mwenye programu, ambaye anaweza kukipandisha wakati wowote. Nyingine hukubali mtu wa nchi yoyote ajisajili na kufanya kazi, lakini siku ya kulipwa ndipo zinapouliza anaishi wapi. Yeye aliyetumia akaunti ya nchi ya mbali huonekana ni mdanganyifu, na jasho lake linafutwa.

Dunia imeshaona mwisho wa kazi za aina hii. Mwaka 2021 maelfu ya familia nchini Ufilipino waliingia katika mchezo wa Axie Infinity, wakiamini kwamba kucheza kumekuwa ajira. Tuzo zilizolipwa ndani ya mchezo huo zikaporomoka thamani, na Machi 2022 wezi wa mtandao wakaiba zaidi ya dola milioni 600 kutoka kwenye mfumo wake. Walioingia mwanzo walivuna, walioingia mwisho ndio waliolipa.

Kwa upande mwingine, haitakuwa haki kusema kila kitu ni hasara. Kijana aliyejifunza kuhariri video kwa ajili ya mchezaji wa ng'ambo amejifunza ufundi wa kweli, na ndugu aliye Brussels akimtumia mpwa wake kadi ya siku ya kuzaliwa, kadi hiyo ni zawadi halali kabisa. Hoja ni kwamba ufundi ule unastahili kulipwa kwa fedha, si kwa haki ya kununua katika duka moja la kigeni. Mfanyakazi anayelipwa kwa bidhaa za duka la tajiri wake huwa amefungwa katika duka hilo, na wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba na migodi ya wakoloni waliyaona hayo kabla yetu.

Anayeshika mwisho wa mnyororo

Hatari kubwa zaidi iko katika asili ya namba zenyewe. Matapeli duniani wamezipenda kadi za zawadi kwa sababu namba ikishasomwa kwa simu, fedha hairudi. Mzee wa Marekani anapigiwa simu, anaambiwa anadaiwa kodi au mjukuu wake yuko mahabusu, anakimbizwa dukani kununua kadi na kusoma namba. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, watu waliripoti kupoteza dola milioni 217 kwa njia ya kadi za zawadi katika mwaka 2023 peke yake.

Namba hizo huenda wapi? Huuzwa kwa bei ya chini katika makundi ya mtandao, hupita mikononi mwa madalali wa nchi mbalimbali, na mwisho hufika kwa mchezaji ambaye anafurahia bei nafuu bila kujua chanzo chake. Oktoba 2019 kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza kwamba funguo za masanduku ya mchezo wa Counter-Strike zilizonunuliwa kisha zikauzwa tena sokoni karibu zote zilitokana na udanganyifu, na ikazuia funguo mpya zisihamishwe kati ya wachezaji. Yaani vitu vya mchezo viligeuka kuwa njia ya kusafishia fedha chafu.

Mwenye duka akigundua wizi, hafuati mnyororo mzima. Hufunga akaunti ya mwisho iliyoingiza namba. Dalali wa kwanza ameshapata chake, wa pili naye, na kijana wa Kajaga aliyelipa faranga zake za halali anapoteza salio, michezo yote aliyonunua miaka iliyopita, na jina alilojijengea. Hawezi kulalamika popote, kwa kuwa masharti ya kadi za Google Play yanakataza kuziuza tena, na muuzaji aliyempa namba hana leseni wala risiti. Hapa ndipo ule usemi wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia unapopata maana yake kamili.

Salio si akiba

Wapo wanaofikiri kwamba, kwa kuwa faranga inashuka, ni heri kuweka akiba katika kadi zenye thamani ya dola. Fikra hiyo inaeleweka, hasa kwa mtu aliyeshuhudia noti zikifutwa kwa siku 10. Lakini salio la michezo halina ulinzi wa benki wala wa sheria ya nchi. Septemba 2020 serikali ya India ilipiga marufuku PUBG Mobile, na Februari 14, 2022 ikapiga marufuku Free Fire pamoja na programu nyingine zaidi ya 50. Sababu zilikuwa za usalama na uhusiano wa nchi kubwa, na wachezaji hawakuulizwa. Machi 2023 kampuni ya Nintendo ilifunga mauzo ya maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Dola iliyo kwenye pochi inaweza kununua mafuta, dawa au ada ya shule. Dola iliyokwisha kugeuka almasi hainunui hata andazi.

Ulaya ilisema nini, na sisi je?

Je, mipaka hii ya namba ni ya lazima? Umoja wa Ulaya ulijibu swali hilo. Januari 20, 2021 Kamisheni ya Ulaya iliitoza faini Valve na makampuni mengine matano ya michezo, jumla ya euro milioni 7.8. Kosa lao lilikuwa kuzifunga namba za michezo zilizouzwa katika nchi kama Poland, Hungary na Romania, ili zisifanye kazi katika nchi nyingine za soko hilo la pamoja. Valve ilikata rufaa, na Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikaitupa rufaa hiyo. Hoja ya Ulaya ilikuwa rahisi: kama soko ni moja, namba iliyonunuliwa kihalali upande huu lazima ifanye kazi upande ule.

Afrika Mashariki nayo ina soko la pamoja, kwa maandishi. Itifaki yake ilianza kutumika Julai 1, 2010. Burundi ilijiunga na jumuiya mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo Kajaga na Uvira leo ziko ndani ya jumuiya moja. Mamlaka ya Ushindani ya jumuiya, yenye makao Arusha, ilianza Novemba 1, 2025 kupokea taarifa za makampuni yanayotaka kuungana. Chombo kipo. Suala la bidhaa za kidijitali zinazofungwa kwa nchi moja moja linastahili kuwekwa mezani pake, hata kama litachukua miaka.

Mpaka sasa, jambo ambalo serikali za kanda zimelifanya kwa haraka ni kodi. Kenya ilianza kutoza asilimia 1.5 kwa huduma za kidijitali Januari 2021, na mwishoni mwa 2024 ikabadilisha utaratibu huo kwa kodi nyingine. Tanzania ilianza na asilimia 2 Julai 2022. Uganda ikafuata kwa asilimia 5 Julai 2023. Kutoza si vibaya, kwani makampuni hayo yanavuna katika kanda hii. Lakini serikali inayochukua kodi kwa mauzo ina wajibu wa kuuliza pia kama mlaji wake anauziwa kwa haki: kwa sarafu yake, kwa nchi yake, na kwa risiti inayotambulika. Majadiliano yenye sauti ya nchi nane yatasikika zaidi kuliko barua ya nchi moja.

Kwa Burundi kuna swali la nyongeza, na si rahisi. Nchi yenye uhaba wa dola inaweza kusema kwamba haina dola za michezo, na mama anayetafuta dawa ya mtoto atakubaliana nayo. Lakini dola za kadi hazitoki Benki Kuu. Zinatoka mtaani na kwa ndugu walio nje. Kuzipiga marufuku hakutazirudisha benki, kutazizamisha zaidi gizani. Njia yenye busara zaidi ni kumwezesha kijana anayefanya kazi za mtandao apokee malipo yake kwa fedha halisi kupitia simu. Majirani wameonyesha kwamba inawezekana: tangu Aprili 2018 Mkenya anaweza kuhamisha fedha kati ya PayPal na M-Pesa. Kazi hiyo ya kijana ni mauzo ya nje, sawa na kahawa, ingawa haina gunia.

La kufanya kwa sasa

Wakati sera zikisubiriwa, mfanyabiashara na mchezaji wa Kajaga wanaweza kujilinda kwa kuitendea kadi kama bidhaa yenye asili, si kama fedha. Kwanza, kabla ya kulipa, waulize kadi ni ya nchi gani na walinganishe na nchi ya akaunti. Kadi isiyolingana ni sawa na bidhaa iliyonyimwa kibali. Pili, waulize imetoka wapi. Kadi ya dola 50 inayouzwa kwa dola 20 haina bahati ndani yake, ina mwenyewe anayelia mahali fulani. Tatu, wakubaliane mapema, tena kwa maandishi au ujumbe wa simu, nani atabeba hasara namba ikikataliwa na kwa muda wa siku ngapi. Nne, wasinunue salio la zaidi ya matumizi ya sasa. Na anayefanya kazi kwa malipo ya kadi ahesabu saa zake kwanza, kisha aombe fedha, na kadi iwe njia ya mwisho.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Salio la michezo ni mali ambayo daftari lake limeshikwa na muuzaji peke yake, katika nchi ya mbali. Mpaka siku ambayo mteja wa Kajaga atakuwa na nakala yake ya daftari hilo, pamoja na sheria ya jumuiya inayolitambua, atabaki kuwa mnunuzi anayelipa bei kubwa kuliko wote kwa haki ndogo kuliko wote.